Albamu ya Titanic ya 1997: meli imo, watu wake hawamo

Mtu akishaitazama Titanic ya James Cameron mpaka mwisho, dakika 194, kuna muziki wa aina nne unaombakia masikioni. Upo wa fidla na ngoma kule chini kwa abiria wa daraja la tatu, Jack na Rose wanapocheza mpaka jasho likawatoka. Ipo piano peke yake, pale Jack anapomchora Rose. Upo wa wapigaji waliosimama sitahani wakipiga wimbo wa kanisani na huku meli inakwenda chini. Na upo wimbo wa Céline Dion, "My Heart Will Go On". Albamu iliyotolewa na Sony Classical mwezi wa Novemba 1997 kwa jina la filamu hiyo inao huo wa mwisho tu. Mitatu mingine haimo kabisa.

Hilo ndilo kosa kubwa la albamu hii. Imejazwa muziki alioutunga James Horner kwa okestra, kinanda cha umeme na sauti ya mwimbaji, ukaachwa nje karibu kila muziki unaosikika kama umepigwa na mkono wa mtu aliyekuwemo ndani ya chumba kile, ndani ya usiku ule. Tunayopewa ni bahari na chuma cha meli. Watu waliofanya hadithi iwe ya mapenzi hawasikiki.

Ni kweli kwamba dunia imeinunua. Mwaka 1998 ilikaa wiki 16 kileleni mwa orodha ya albamu za Marekani, na nakala zilizouzwa duniani zimepita milioni 25. Mwaka huo huo Horner alipata Oscar ya muziki wa filamu, na wimbo wa Céline Dion, ambao maneno yake aliyaandika Will Jennings, ukapata ya wimbo bora. Basi anayesema kwamba albamu hii inavunja moyo hana budi kuonyesha ni wapi na kwa nini.

Msikilizaji wa Zanzibar ana sababu yake ya ziada. Masikio yetu ya muziki wa filamu yalifunzwa na filamu za Kihindi na za Kimisri zilizoonyeshwa Majestic pale Vuga, Empire na Cine Afrique. Kwenye filamu ya Kihindi nyimbo ndizo zinazoiuza filamu. Mara nyingi hutangulia kutoka kabla filamu yenyewe haijafika, na aliyenunua kaseti alijua atazikuta nyimbo alizozisikia sinema. Kwa Wamisri ni vile vile. Umm Kulthum, Mohammed Abdel Wahab na Farid al-Atrash waliimba mbele ya kamera, na mahadhi yao yakaingia mpaka kwenye vikundi vyetu vya taarab. Kwa mazoea hayo, ukinunua muziki wa filamu unanunua ule uliousikia ulipokuwa umekaa kitini. Albamu hii haikutimiza sharti hilo la mwanzo kabisa.

Na wala isisemwe kwamba watu wa hapa hawana subira na ala tupu. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanza 1905, na Culture Musical Club hufungua shughuli kwa bashraf, hakuna neno hata moja linaloimbwa, na ukumbi unatulia. Muziki usio na maneno tunaujua. Tunajua pia pale unapochoka.

Vipande viko 15, dakika 72 na nusu kwa jumla. Sita vya mwanzo, kutoka "Never an Absolution" mpaka "Take Her to Sea, Mr. Murdoch", vinachukua dakika 20 hivi, halafu cha saba, "Hard to Starboard", tayari ni barafu. Kwenye filamu, kabla ya barafu kuna zaidi ya saa moja na nusu, na ndani ya muda huo ndimo yalimo mapenzi yote: kukutana, karamu, ngoma ya chini, picha ya penseli. Albamu inavipita hivyo mbio kama abiria aliyechelewa boti ya saa moja. Kufika dakika ya 21 meli inagonga, na msikilizaji bado hajapewa sababu ya kumlilia mtu yeyote.

"Southampton" ndiyo inayoonyesha tatizo la pili. Mahadhi yake ni mazuri, yanapanda vizuri, na ndiyo yanayosikika watu wakipanda melini. Lakini ile kwaya inayoimba "aaa" juu ya okestra si watu. Ni kinanda. Asiyeamini asikilize mwanzo wa kila noti kwa spika za masikioni. Kwaya ya watu haianzi kwa pamoja kama iliyokatwa kwa mkasi. Yupo anayetangulia kidogo, yupo anayevuta pumzi, na irabu hubadilika kila sauti inapopanda. Hapa sauti zote zinaingia papo hapo, zina irabu ile ile juu na chini, na zinapokwisha zinaacha mkia wa urefu ule ule. Ukishaigundua kwenye "Southampton", utaikuta tena kwenye "Leaving Port" na "Take Her to Sea, Mr. Murdoch", na hutaweza tena kutoisikia.

Mpenzi wa taarab asilia anaijua hali hii. Kinanda kilipoingia kwenye kumbi za harusi, kikachukua kazi ya mstari mzima wa fidla, na sababu yake ilieleweka: mpigaji mmoja analipwa badala ya wanane. Titanic haikuwa na udhuru huo. Iligharimu dola milioni 200, ikawa filamu ya gharama kubwa kuliko zote zilizopata kutengenezwa mpaka wakati ule. Sauti ile ilichaguliwa kwa makusudi. Cameron alikuwa amevutiwa na muziki wa Enya, ule wa sauti zilizorundikwa juu kwa juu na ukungu wa kinanda, na Horner naye akakataa okestra nzito ya filamu za zamani. Kama fikra, si mbaya, na ndani ya sinema inapita, kwa sababu macho yana kazi ya kufanya. Ukibaki na masikio tu, ule ukungu unaonekana kuwa mwingi kuliko kilichomo ndani yake.

Lakini yupo mtu mmoja wa kweli kwenye albamu hii, naye ndiye anayeiokoa isizame yote: Sissel, mwimbaji wa Norwei. Sikiliza "Rose", dakika 2 na sekunde 52. Haimbi neno, anaimba irabu tu, sauti nyembamba na safi, haitetemeshi ovyo, na anapoishusha unasikia kabisa pumzi ikikaribia kwisha. Anarudi kwenye "A Life So Changed" na kwenye "Hymn to the Sea", ambako anajibizana na zumari ya Kiayalandi ya mfuko. Kila anapoingia, kile kinanda kinarudi nyuma na kuwa kitambaa cha chini, na hapo ndipo kilipostahiki kuwa tangu mwanzo. Ningeweza kuitetea albamu nzima kama Sissel angepewa hata nusu ya nafasi iliyopewa kwaya ya bandia.

Sasa tuje kwenye kuzama. "Hard to Starboard" ni dakika 6 na sekunde 52, "The Sinking" ni 5 na sekunde 5, "Death of Titanic" ni 8 na sekunde 26. Ni zaidi ya dakika 20 za tarumbeta na ala nyingine za shaba, ngoma kubwa na chuma kinachogongwa, sawasawa na muda uliopewa kila kitu kilichotangulia barafu. Katikati yake kimewekwa "Unable to Stay, Unwilling to Leave", pale Rose anaposhushwa kwa mashua akamwacha Jack juu kisha akaruka kurudi, na hicho ni kipande kizuri hasa: nyuzi zinapanda hatua kwa hatua, hazikimbilii kilio. Vile vitatu vingine vinafuata picha moja baada ya moja. Mlio unapanda kwa sababu mlango umevunjika, unakatika kwa sababu kamera imehamia kwingine. Bila picha, msikilizaji anapata vishindo visivyo na sababu, na ikifika "Death of Titanic" sikio limeshafanya ganzi.

Visiwa hivi vimezika watu wa MV Spice Islander, Septemba 2011, na wa MV Skagit, Julai 2012. Hapa mtu hahitaji shaba na ngoma kuambiwa kwamba meli ikizama ni jambo la kutisha. Linalotafutwa ni upande wa binadamu, na filamu ilikuwa nalo tayari. Wapigaji wa Titanic ya kweli walikuwa wanane, wakiongozwa na mpiga fidla Wallace Hartley, na Aprili 1912 walikufa wote wanane. Filamu inawaonyesha wakipiga "Nearer, My God, to Thee" kwa nyuzi tu, taratibu, hakuna ngoma, na picha zinapita za wazee waliolala kitandani wakikumbatiana na mama anayewasimulia watoto hadithi ili wasinzie. Hakuna muziki ndani ya filamu nzima uliowatoa watu machozi kuliko ule. Kuuacha ule ukaweka dakika 8 za "Death of Titanic" ni uamuzi usioelezeka.

Piano ya mchoro nayo ina habari yake. Ilipigwa na Horner mwenyewe, kwa namna ya rasimu, na Cameron akaona inatosha vile ilivyo bila kurundikiwa okestra. Ndiyo mahadhi yale yale ya wimbo wa mwisho, ila yamevuliwa kila kitu, yamebaki mifupa. Msikilizaji akipewa piano ile mapema, wimbo wa Céline Dion unapokuja unakuwa kama mtu anayejulikana amerudi. Kwenye albamu hii mahadhi hayo yanakuja kwa nyuzi, kwa zumari, kwa sauti ya Sissel, kila mara yamevikwa nguo mpya juu ya ile ya zamani, na hakuna pahala yamesimama peke yake. Kwenye taarab mahadhi yanaporudi, mpiga kanuni au udi anapewa nafasi ya taksim, anayazungusha anavyotaka, na marejeo hayachoshi. Hapa yanarudi vile vile, mazito zaidi tu. "An Ocean of Memories" inakaribia dakika 8. Nusu ya kwanza ni nzuri sana, ya pili inasema yaliyokwisha kusemwa.

Wimbo wenyewe wa Céline Dion hauna lawama. Inajulikana kwamba Cameron hakutaka wimbo wa kuimbwa kwenye filamu yake, Horner akautengeneza pembeni, na sauti tunayoisikia ni ile Céline Dion aliyoirekodi mara ya kwanza kwa majaribio. Okestra iliongezwa baadaye. Inasikika. Beti ya kwanza ameiimba kama anayejiimbia, hajui bado kama itatoka. Lakini hata huo umekosewa pahala: umewekwa wa 14, halafu "Hymn to the Sea" ya dakika 6 na sekunde 26 ikaja nyuma yake. Wengi huzima wimbo ukimalizika, kwa hiyo kipande kizuri kuliko vyote vya Sissel hakisikilizwi. Ukiisikiliza albamu hii, geuza hivyo viwili.

Dawa ya sehemu kubwa ya malalamiko haya ilitoka Agosti 1998, kwa jina la Back to Titanic, kampuni ile ile. Humo ndimo kilimo kikundi cha Gaelic Storm na ngoma ya daraja la tatu, "An Irish Party in Third Class", dakika 3 na sekunde 49. Ndimo iliyomo piano ya Horner, "The Portrait", dakika 4 na sekunde 43. Ndimo kilimo kikundi cha I Salonisti na "Nearer, My God, to Thee", dakika 2 na sekunde 49. Yaani ile mitatu iliyokosekana ni dakika 11 na ushei. Pia imo suite, yaani mahadhi ya filamu yaliyoungwa pamoja, ya dakika 19, iliyopigwa na London Symphony Orchestra pamoja na wavulana waimbaji wa King's College ya Cambridge, na hapo utasikia mahadhi ya "Southampton" yakiimbwa na vifua vya watu. Lile jaribio la kusikiliza mwanzo wa noti lifanye tena kwa suite hii na tofauti itajitangaza yenyewe. Cha kuepuka kwenye diski hiyo ni kipande cha 11, wimbo wa Céline Dion uliochanganywa na maneno ya waigizaji. Wanazungumza huku mwimbaji anaimba, na ukishaujua wimbo inakera.

Kama ni kununua moja tu, nunua ya 1998, wimbo wa Céline Dion utafute mbali. Kama unazo zote mbili, zichanganye kwa mpangilio huu: anza na "Southampton", ufuatishe "An Irish Party in Third Class", kisha "Rose" na "The Portrait", hapo mapenzi yameshakaa. "Hard to Starboard" ibaki peke yake kuwakilisha ajali nzima. Baada yake "Unable to Stay, Unwilling to Leave", halafu I Salonisti, "An Ocean of Memories", "Hymn to the Sea", na umalizie na wimbo. Inakuja dakika 49 kasoro kidogo, na hadithi inasimama kwa miguu yake.

Kwenye flashi vipe vipande namba mbele ya jina, 01, 02 na kuendelea. Redio nyingi za gari hupanga kwa herufi na zitakuletea "An Ocean of Memories" kabla meli haijang'oa nanga. Zima pia ile sehemu ya kuongeza besi. Chini ya okestra kuna mlio mrefu wa kinanda usiokatika, na besi ikiongezwa unafunika filimbi na zumari, ambavyo ndivyo vitamu. Panka likiwa linazunguka, mwanzo wa vipande vya taratibu haupatikani, ukipandisha sauti utafute, "Hard to Starboard" itakushtua. Albamu hii ni ya spika za masikioni au ya usiku uliotulia.

Ipo kazi moja zaidi ambayo watu huinunulia albamu hii Unguja na Pemba, nayo ni bibi harusi kuingia ukumbini. Anayepiga kutoka kwenye flashi aangalie dakika kwanza. Wimbo wa Céline Dion ulioko kwenye albamu ya filamu ni wa dakika 5 na sekunde 11. Ulioko kwenye albamu ya Céline Dion mwenyewe, Let's Talk About Love, ni dakika 4 na sekunde 40, na huo mfupi unatosha kwa mwendo kutoka mlangoni mpaka jukwaani. Usitumie "Rose" kwa kazi hiyo hata kama inavutia. Haifiki dakika tatu, na bibi harusi wa kwetu hatembei kwa dakika tatu.

Kikundi kinachotaka kuupiga wimbo huo kwa ala zake kijue mtego ulipo. Wimbo unaanza E meja, na kiitikio cha mwisho kinaruka hadi A-flati meja. Kwa kibodi ni kubonyeza kitufe. Kwa kanuni ni balaa: kati ya noti saba, nne zinabadilika kwa mpigo mmoja, na mkono wa kushoto hauwezi kuvigeuza vile vichuma vyote vinavyobadilisha sauti za nyuzi bila kuacha pengo. Fidla nazo hazibaki na uzi mtupu wa kuegemea kwenye A-flati ila ule wa G, basi ndipo upotofu wa sauti unapoingia, na hasa pale pale ukumbi mzima unapoimba. Njia rahisi ni kuanza D meja na kurukia G meja. Noti inayobadilika ni moja tu, C-kali inakuwa C ya kawaida. Uzi mtupu wa D na wa G unapatikana kwenye kila fidla, na mwimbaji anaishia nusu hatua chini ya alipoishia Céline Dion, jambo ambalo koo lake litashukuru. Utangulizi wa filimbi mpeni mpiga nai, ile filimbi ya taarab, kama yupo. Kama hayupo, fidla moja bila ya kuzirundika, na akordioni isubiri mpaka beti ya pili.